Lango la Nne na Karo Letu: Risala ya Wakulima wa Vitunguu Majani wa Nkoamringa

Mgeni rasmi, Mhandisi Kandida Laizer, Msimamizi wa Mifereji na Vyanzo vya Maji katika ukanda wetu; Mwenyekiti wa Kijiji; Mchungaji na Padre wetu; wageni wetu kutoka kitongoji cha Olkeju; ndugu wanachama, kila mmoja kwa heshima yake: tunawasalimu. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

KARIBU NKOAMRINGA

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wanachama arobaini na watatu wa Lango la Nne tunakushukuru kwa kuja. Tuliona gari lako likiachwa kule barabarani kwa sababu ya tope, na tuliona ukivua viatu vya ofisini na kuvaa mabuti. Hilo peke yake limetupa moyo.

Umekuja kutuzindulia karo la kuoshea vitunguu. Tunajua pia kwamba kutoka ofisini kwako ipo barua ya tarehe 12 Machi mwaka huu, inayosema lango letu la kupitishia maji ya mfereji litafungwa kwa zege tarehe 30 Juni kwa sababu ya kuchafua maji ya walio chini. Katika kikao cha kuandaa risala hii, wengine walishauri jambo hilo tuliweke mwishoni, ukiwa umeshakula. Wengi tukaona heri tulitaje sasa hivi, ili kila tutakachosema baada ya hapa ukisikie ukijua kwa nini tunakisema.

Lango likifungwa, vitunguu vyetu vitakufa. Lakini kwanza turuhusu tukueleze ni vitunguu gani.

TULIKOTOKA

Mfereji huu ulichimbwa na mababu zetu. Mwaka hatuujui. Mzee Anaeli Nnko, ambaye ndiye mzee wa mfereji hadi leo, anasema babu yake naye aliukuta unapita. Una malango sita. Sisi wa lango la nne zamu yetu ni Jumanne na Ijumaa, tangu jua linapochomoza hadi saa nane mchana. Hapo Mzee Anaeli huja na jembe lake, na hata kama tuta lako limebaki hatua tatu tu, anafunga. Hajawahi kumwonea mtu, na hajawahi kumwongezea mtu.

Zamani hapa palikuwa na kahawa na migomba, na bado ipo. Kitunguu majani kilikuwa kitu cha mama, kinaota nyuma ya jiko pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Hakuna aliyekihesabu kuwa ni zao.

Mwaka 2009 mwenyekiti wetu, Mama Evaresta Kaaya, alishuka mjini na kikapu chenye mafungu ishirini. Alikaa pembeni ya soko la Kilombero, hana meza, ameyapanga juu ya jani la mgomba. Akapita dada mmoja anayeuza supu na mtori wa ndizi mtaa wa Kaloleni, akainama, akashika fungu moja akaligeuza.

"Mama, hivi vitunguu vililala kwenye maziwa?"

"Vililala kwenye udongo, mwanangu."

"Mbona vyeupe hivi? Kesho niletee vyote."

"Vyote ndiyo hivi. Vingine bado vimelala, siwezi kuviamsha."

Dada yule alicheka, akachukua kikapu kizima pamoja na jani lake. Wiki iliyofuata Mama Evaresta aliwaita majirani kumi na mmoja, na pamoja naye wakawa wanawake kumi na wawili. Ndio mwanzo wetu. Leo tupo wanawake thelathini na mmoja na wanaume kumi na wawili. Wanaume walikuja baadaye, na tuliwapokea vizuri bila kuwakumbusha walivyokuwa wakituita "wakulima wa viungo vya mchuzi." Tunawakumbusha leo tu, kwa sababu kuna mgeni.

KITUNGUU CHETU

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi hatununui mbegu. Shina moja la kitunguu majani likitunzwa hujigawa lenyewe, likatoa machipukizi sita, saba, hata kumi. Wakati wa kuvuna, kila mwanachama huacha shina moja katika kila mashina kumi bila kuligusa. Tunaliita shina mama. Hilo ndilo litakalogawanywa na kupandwa tena. Kwa hiyo kila kitunguu unachokiona kwenye matuta haya kinatokana na vile vya nyuma ya jiko la Mama Evaresta. Hatuna ghala la kutunzia uzao wake. Unaishi ardhini, na unaishi kwa maji.

Kupanda kwetu ni hivi. Chipukizi hukatwa majani yabaki urefu wa kiganja, na mizizi ibaki urefu wa ukucha. Tunachimba mtaro wa kina cha shubiri moja, tunaweka samadi iliyooza vizuri, kisha tunalaza chipukizi likiegemea upande wa mlimani. Likiegemea upande wa bondeni, maji yakija hulifukua. Baada ya wiki tatu tunapandishia udongo mara ya kwanza, wiki ya tano mara ya pili, wiki ya saba mara ya tatu. Sehemu iliyofunikwa ndiyo inayokuwa nyeupe. Anayeona uvivu mara ya tatu atapata kitunguu, ila kitakuwa cheupe nusu, na sokoni watamwuliza nusu nyingine ameiacha wapi.

Wiki ya kumi tunavuna, asubuhi umande ungali juu. Tunainua kwa uma wa shambani, hatung'oi kwa mkono, maana shina likikatikia ardhini huoza na kuwaozesha wenzake. Tunafunga kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu, hatutumii mpira. Kamba ya mgomba ikilowa hukaza polepole na haikati kitunguu.

Vitunguu vyetu viko kwenye supu ya Kaloleni, kwenye kachumbari ya Kijenge, na kwenye chipsi mayai za Sokon One. Nyumbani tunakatia majani mabichi juu ya mtori wakati chungu kinaepuliwa, kamwe si kabla. Bibi zetu huwachemshia watoto wenye mafua, wakaongeza asali kidogo. Hatusemi ni dawa. Tunasema watoto hunywa wakamaliza.

Samadi yetu hatuitoi mbali. Inatoka kwa ndugu zetu wa Olkeju, chini kabisa mfereji unapoishia, ambao ni wafugaji. Punda wao hupanda na samadi, hushuka na migomba iliyokatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe. Mpango huu haujawahi kuandikwa mahali popote na umedumu miaka kumi na mitano, isipokuwa miezi saba ambayo tutaieleza sasa.

KOSA LETU

Mheshimiwa mgeni rasmi, yaliyosemwa kwenye barua yako kuhusu Februari ya mwaka jana ni ya kweli. Mkaguzi wako aliyeyaandika aliandika alichokiona. Sisi tunaongeza tu yale ambayo hakuweza kuyaona.

Mfereji una sheria ya wazee: hakuna uchafu kuingia. Hatufui nguo humo, hatuoshi miguu, mtoto akitema mate humo anachapwa. Sheria hiyo tuliishika. Lakini vitunguu tuliviosha humo humo tangu siku ya kwanza, magunia na magunia, tukimenya ganda la nje na kuacha mizizi na majani ya njano yaende na maji. Na hakuna aliyeona tumevunja sheria, hata Mzee Anaeli mwenyewe, kwa sababu kwetu chakula si uchafu. Tulipokuwa kumi na wawili, pengine maji yaliweza kubeba. Tulipofika arobaini, na kila mmoja akitaka mafungu yake yawe meupe kuliko ya mwenzake, hayakuweza. Tulikuwa tunashindana weupe, na weupe huo ulikuwa unashuka Olkeju ukiwa tope.

Jumatatu moja ya mwezi huo, mama Namnyaki, ambaye ni katibu wa kamati ya maji ya Olkeju na leo yupo nasi hapa, alipanda hadi langoni akiwa na chupa mkononi. Tulikuwa kumi na tano hivi, mikono majini, tunaosha mzigo wa soko. Alitusalimu vizuri, akaitikiwa. Kisha akaiweka chupa juu ya jiwe.

"Mama Evaresta, nimewaletea supu yenu."

"Supu gani tena, Namnyaki?"

"Ile mnayotupikia kila siku. Kitunguu kipo cha kutosha. Mmesahau chumvi tu."

Baadhi yetu tulicheka. Ndani ya chupa kulikuwa na mizizi, maganda, na utelezi wa kijani. Yeye hakucheka.

"Chekeni mmalize," akasema. "Tangu juzi chujio la tangi letu limeziba. Zahanati haina maji. Jana mke wa shemeji yangu Yoeli amejifungua pale, na maji ya kumwogeshea mtoto tumeyachota kwa ndoo kutoka mtoni, kwa miguu, saa nzima kwenda. Haya. Mimi nimemaliza."

Akashuka. Chupa akaiacha juu ya jiwe.

Siku ile mzigo haukwenda sokoni. Tuliukalisha pale pale ukanyauka, kwa maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudisha mikono majini. Na punda wa samadi hawakupanda tena kwa miezi saba. Hakuna aliyetutumia ujumbe kwamba hawatakuja. Hawakuja tu.

KARO

Tuliomba radhi. Mama Evaresta na Mzee Anaeli walishuka Olkeju na kondoo mmoja, kama desturi inavyotaka, wakapokelewa. Lakini wazee wa kule walisema neno ambalo tuliona ni la haki: radhi ni ya maneno, na chujio haliwezi kusafishwa kwa maneno. Wakauliza tutaosha wapi.

Kwanza tulijaribu kuuza vitunguu bila kuviosha, na wateja wa Kaloleni wakavirudisha. Tukajaribu kuoshea nyumbani kwa beseni, lakini kila mtu alimwaga maji njiani, na njia ikawa kama unavyoiona leo. Mwezi wa nne tukakubaliana kujenga karo.

Mchoro tuliuchora wenyewe kwa fimbo ardhini, tukaufuta mara tano. Mara ya sita alikuwapo Yoeli, yule shemeji wa Namnyaki, ambaye ni fundi mwashi. Tulikuwa tumemwita tukitegemea kukataliwa. Alisimama, akaangalia mchoro wetu, akasema, "Hapa mmejenga karo zuri sana la kurudisha maji mferejini." Akaufuta kwa kiatu, akachora mwingine. Kisha akabaki wiki saba.

Mheshimiwa, karo utakalolizindua linafanya kazi hivi. Kitunguu kinakung'utwa udongo na kumenywa shambani kwanza, na maganda yanabaki kwenye shimo la mboji. Kikifika hapa kinapita mabeseni matatu ya saruji: la kwanza la kutoa udongo, la pili la kusugua mizizi, la tatu la kusuuza. Maji ya beseni la tatu yakichoka hayamwagwi, yanashushwa la pili, na ya la pili yanashushwa la kwanza. Kwa hiyo maji tunayotumia ni theluthi moja ya yale ya zamani. Mwisho yanapita kwenye kokoto, kisha kwenye mchanga, kisha yanaingia kwenye mtaro wa magimbi na migomba. Hakuna tone linalorudi mferejini. Mwinuko wa karo uko chini ya mfereji kwa mita moja na nusu, na maji hayajui kupanda.

Mchanga tulibeba kwa vichwa kutoka korongoni. Mawe tulivunja wenyewe. Hatukuomba msaada kokote, na hilo tunalisema tukiwa na furaha. Karo lilikamilika tarehe 30 Agosti mwaka jana. Jumanne iliyofuata tuliosha mzigo wa kwanza, na jioni ile punda wanne walipanda na samadi. Hawakutanguliwa na ujumbe wowote.

Tangu hapo, kila Jumatatu saa nne asubuhi, tunachota maji kwa chupa mbili za ukubwa mmoja. Moja tunachota juu ya lango letu, nyingine pale maji yanapoingia tangi la Olkeju. Tunaziacha zitulie hadi saa kumi, halafu tunapima kwa rula ya shule tope lililokaa chini. Anayepima ni mtu mmoja wa kwetu na mmoja wa Olkeju, na wote wawili huweka sahihi. Kabla ya karo, ile chupa ya Namnyaki tuliipima: tope na mizizi vilifika sentimita sita. Sasa tumepima Jumatatu thelathini na sita. Katika hizo, thelathini na moja chupa ya chini haikuzidi nusu sentimita. Daftari lipo mezani, mheshimiwa. Tunaomba ulifungue popote utakapo.

YANAYOTUSUMBUA

Jumatatu tano zilizobaki hatuzifichi. Nne zilikuwa za masika haya, mwezi wa tatu na wa nne, chupa ikaonyesha sentimita mbili, mara moja mbili na nusu. Ila chupa ya juu ya lango letu nayo ilionyesha kiasi kilekile, na tope lenyewe lilikuwa udongo mwekundu mtupu, halina mzizi wala ganda. Tunadhani ni udongo wa mlimani unaoletwa na mvua. Tunasema tunadhani, kwa sababu sisi si wataalamu.

Ya tano ilikuwa yetu. Mwezi wa kumi na mbili mwanachama mmoja aliosha magunia mawili mferejini. Hatutamtaja. Alikuwa na mgonjwa nyumbani, gari la soko lilikuwa linamngoja, na karoni kulikuwa na foleni. Alikuja mwenyewe kusema kabla chupa haijapimwa. Alisafisha mfereji hatua mia mbili peke yake, na siku ya pili tulimkuta Mzee Anaeli naye yumo mferejini na jembe, anamsaidia. Alipoulizwa kwa nini, akasema na yeye ana deni la miaka mingi ya kutazama tu.

Tatizo kubwa kuliko yote umeshalijua. Barua ya Machi ilitegemea ukaguzi wa Februari ya mwaka jana. Baada ya hapo hakuna mkaguzi aliyerudi. Hatulaumu mtu, mifereji ni mingi na watu wa ofisi ni wachache. Lakini vitunguu majani haviwezi kungoja. Tumewahi kupima hilo pia, Januari moja mfereji ulipobomoka. Siku ya nane bila maji, ncha za majani ziliungua. Siku ya kumi na mbili, mashina ya kwanza yalipasuka na kuwa magumu, na shina la namna hiyo halitoi chipukizi tena. Lango likifungwa tarehe 30 Juni, tunapoingia kiangazi, ifikapo katikati ya Julai shina mama halitakuwepo katika shamba lolote hapa. Mwaka kesho hata ukitufungulia, hatutakuwa na cha kupanda.

TUNAYOOMBA

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatukuombi leo uichane barua. Ukifanya hivyo kwa sababu tumekupikia vizuri, atakayekuja baada yako anaweza kuandika nyingine kwa sababu hatukumpikia.

Tunaomba, kabla ya tarehe 30 Juni, umtume mtu wako apime maji kwa vyombo vyenu, juu ya lango na kule tangini, bila kutuarifu siku. Akikuta uchafu wetu, zege lije, nasi hatutaweka kizuizi.

Akikuta maji ni safi, tunaomba badala ya zege liwekwe bamba la chuma lenye kufuli. Yoeli ameshachukua vipimo. Na ufunguo wa kufuli hilo tunaomba usikae kwetu. Ukae Olkeju. Watafungua Jumanne na Ijumaa, na wakiona maji yao yameharibika wasifungue, hadi tutakapokuwa tumetengeneza. Jambo hili lilituchukua vikao vitatu. Katika kikao cha kwanza wengi wetu tuliona ni aibu kuwapa watu wa chini ufunguo wa maji ya juu. Katika kikao cha tatu hakuna aliyepinga.

Mwisho, tunaomba utuandikie karatasi ya namna tulivyojenga karo hili, kwa maneno ya kitaalamu, ili watu wa malango mengine matano wakitaka kujenga wasifute mchoro mara tano kama sisi.

Mheshimiwa, Jumapili iliyopita baada ya ibada risala hii ilipelekwa Olkeju ikasomwa mbele ya kamati yao ya maji, kwa sababu hatukutaka kuwasemea watu wasiokuwepo. Waliisikiliza hadi mwisho. Walisahihisha mahali pamoja: tulikuwa tumeandika kwamba mtoto wa Yoeli alizaliwa usiku, wakasema ni asubuhi, tukaona hakuna haja ya kuandika saa, tukaifuta. Halafu Namnyaki akaomba nafasi aongeze maneno yake, yasomwe kama alivyoyasema. Ni haya:

"Mhandisi, usiweke zege. Weka kufuli, ufunguo nipe mimi. Wakirudisha majani mferejini, sitakusumbua kwa barua. Nitafunga, nitakaa pale langoni na chai yangu, waje kuniomba mmoja mmoja. Lakini sidhani kama nitapata nafasi ya kunywa hiyo chai. Hawa watu wa juu siku hizi wanaosha vizuri."

Sisi hatuna la kuongeza.

Mungu akulinde njiani, ailinde kazi ya mikono yako, na aujalie mlima uendelee kutupa maji, wa juu na wa chini.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Vitunguu Majani, Lango la Nne, Nkoamringa;
pamoja na Kamati ya Maji ya Kitongoji cha Olkeju, waliotia sahihi nasi.